Persepolis: kisanduku cheusi na kurasa zilizokosekana

Nimeandika maoni haya na kuyafuta mara mbili, kwa sababu kila ninapofika mahali pa kutoa hukumu hasira hunipanda juu ya mtu mmoja, na mtu huyo si mwandishi wa kitabu. Kitabu ni Persepolis cha Marjane Satrapi, kumbukumbu za maisha yake zilizosimuliwa kwa michoro, nakala ya Kiingereza iliyokusanya juzuu zote katika jalada moja. Nilikinunua Dar es Salaam miezi kadhaa iliyopita, katika duka nililolizoea tangu nikiwa mwanafunzi, na bei yake haikuwa ndogo kwa mtu anayepanga bajeti ya mwezi.

Nikiri kwamba nilianza kusoma kwa wasiwasi. Mimi navaa mtandio kwa hiari yangu, kama mama yangu na bibi yangu, na nilijua kwamba kitabu kinafunguka Tehran, mji mkuu wa Iran, mwaka 1980 kwa wasichana wa miaka kumi wanaolazimishwa kujifunika shuleni, mwaka mmoja baada ya mapinduzi yaliyomwondoa Shah, mfalme wa nchi hiyo. Nilitazamia matusi, nikakuta watoto uani wanarukia mitandio yao kama kamba. Wasiwasi uliniishia hapohapo. Anachokisema Satrapi ni habari ya amri na woga, na mtu yeyote anayevaa mtandio kwa kupenda anaweza kumwelewa bila kuona haya. Kisha Septemba 1980 Iraki inaivamia Iran, na kwa miaka minane vita vinaingia majumbani: vioo vya madirisha vinabandikwa utepe, na wavulana wa familia maskini wanagawiwa shuleni funguo za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, wakiambiwa kwamba wakifa vitani zitawafungulia pepo.

Nataka kukaa kidogo kwenye sura moja, maana ndiyo chanzo cha ugomvi wangu wote. Marjane ametoka kununua suruali ya jinzi, anasikia kwamba kombora limeangukia mtaa wao, anakimbia nyumbani akihesabu uwezekano wa wazazi wake kuwa hai. Mama yake yuko salama. Nyumba iliyobomoka ni ya majirani zao Wayahudi, na siku hiyo ilikuwa Sabato, kwa hiyo walikuwa nyumbani. Mama anamvuta mkono wapite haraka, lakini msichana anageuka na kuona kwenye kifusi bangili ya feruzi ya rafiki yake, ile aliyopewa na shangazi yake kwa kutimiza miaka kumi na minne, na bangili hiyo bado imeshikana na kitu ambacho mchoro haukionyeshi. Anaziba mdomo, anafunika uso. Kisha panakuja kisanduku cheusi kitupu, hakina uso wala mstari, na maneno machache tu yanayosema kwamba hakuna ukelele duniani ambao ungeweza kumpunguzia uchungu. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani.

Niliporudi na kufungua ukurasa uliofuata, Marjane alikuwa tayari Vienna, Austria, kwenye bweni la watawa, peke yake. Nilistaajabu sana. Nilijiambia kwamba huu ndio ufundi: mwandishi ametoka kwenye giza akatutupa Ulaya bila neno, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na minne huondolewa hivyo nchini mwake wakati wa vita. Lakini kadiri nilivyosonga mbele ndivyo nilivyozidi kumkasirikia. Wazazi walionipendeza kurasa zote zile sasa walionekana kama watu waliompeleka binti yao ugenini kama mzigo, bila hata kumuaga. Halafu Vienna, baada ya kudanganya kwamba yeye ni Mfaransa, Marjane anakumbuka kwa aibu maneno ya bibi yake juu ya kulinda heshima yake, nami nikajiuliza bibi aliyasema lini. Nilimwandikia rafiki yangu wa Tanga kwamba kitabu kinaanza vizuri kisha kinalegea, na mwandishi anadai machozi ambayo hakuyafanyia kazi.

Ni yeye aliyenitaka nitazame namba za kurasa. Nakala yangu ilikuwa imerukwa kurasa zaidi ya kumi, zilizosahauliwa wakati wa kufunga kitabu kiwandani, sura nzima na mwanzo wa ile inayofuata.

Nilikipeleka dukani nikiwa na risiti, na nilikwenda kwa adabu. Nyuma ya kaunta palikuwa na mzee nisiyemfahamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikamweleza. Alikishika kitabu kwa mkono mmoja, akakifungua nilipoweka alama, akaona kile kisanduku cheusi.

"Ni kweli, hapa wino umemwagika," akasema. "Lakini mama, hii ni katuni. Mpe mtoto, hatajua."

Nikamwambia wino haukumwagika, na kwamba kasoro ni kurasa zinazokosekana baada ya hapo. Akasema kurasa zinaweza kuchanwa na msomaji, vitabu vya watoto havirudishwi, kisha akamhudumia mteja aliyesimama nyuma yangu. Sikurudishiwa fedha wala kupewa nakala nyingine. Nimekwenda mara ya pili na jibu limebaki lilelile. Ingekuwa amekataa tu, ningekuwa nimeshasahau. Kinachonichoma ni kwamba mahali alipoona uchafu wa wino ni kaburi la msichana, na aliniambia nimpe mtoto kwa vile hatajua.

Rafiki yangu alinipigia picha kurasa zote akanitumia. Sura iliyokosekana inaitwa "Mahari", na sijui kama msomaji wa Kiingereza analisikia neno hilo kama sisi tunavyolisikia. Wazazi wanamweleza Marjane kwa nini wanamtoa nchini: msichana wa miaka kumi na minane waliyemjua alikamatwa kwa ajili ya siasa, na kwa kuwa bikira hauawi kisheria, aliozwa mlinzi wa mapinduzi kwanza, kisha akauawa, na wazazi wake wakapelekewa tumani 500, fedha za Iran. Mahari. Nilisoma hilo kwenye skrini ya simu nikiwa ndani ya daladala na nikapitiliza kituo changu. Wazazi wale hawakumtupa mtoto wao. Usiku wa mwisho analala na bibi yake, ambaye kila asubuhi huchuma asumini na kuziweka kifuani, zikaanguka anapovua nguo, na ndipo bibi anampa yale maneno ya heshima. Bibi yangu alitembea na kikuba maisha yake yote. Sikuhitaji kuelezwa harufu ya usiku ule. Uwanja wa ndege, Marjane anageuka kutazama kwa mara ya mwisho na kumkuta mama yake amezirai mikononi mwa baba yake.

Kwa hiyo yote niliyomlaumu Satrapi nayafuta, na nasikitika kwamba nilimhukumu kwa kosa la kiwanda. Duka halipati nyota hata moja kwangu. Kitabu nakipa tano, ingawa bado naona miaka ya Vienna ni mirefu kuliko inavyohitajika, na jana nilikuwa nimeandika nne. Hapana, tano. Jana usiku nilizirudia kurasa za Vienna, safari hii zile picha za simu nikiwa nimezichapisha na kuzibandika mahali pake, na bweni lile la watawa lilikuwa la upweke mara mbili ya nilivyolikumbuka.

Ukikinunua, kifungue papo hapo kaunta kabla ya kulipa. Tafuta kisanduku cheusi kitupu, kiache kama kilivyo, kisha geuza ukurasa uhakikishe kwamba sura inayofuata ni "Mahari".