Uzoefu wangu wa kupima ini kwa altrasaundi jijini Mwanza

Kwa kuwa ninaishi na virusi vya homa ya ini aina ya B, daktari wangu ameniagiza nipime ini kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, na safari hii nilikwenda katika kituo binafsi cha uchunguzi hapa Mwanza.

Maandalizi yalisimamiwa vizuri. Mhudumu alinipigia simu siku moja kabla, akanikumbusha nisile chochote kwa saa 8, na sababu akaitaja: mtu akishakula, mfuko wa nyongo husinyaa hata vijiwe vidogo vikawa vigumu kuonekana, na gesi ya tumboni huzuia mawimbi ya sauti yasilifikie kongosho. Dawa zangu niliruhusiwa kuzimeza kwa maji kidogo.

Daktari wa radiolojia hakuwa na haraka. Alinipaka jeli, akaniambia nivute pumzi na kuizuia ili ini lishuke chini ya mbavu, kisha akanionyesha kwenye skrini jinsi anavyolilinganisha na figo ya kulia, maana ini lililojaa mafuta huonekana jeupe kuliko figo. Ndani ya mfuko wa nyongo palikuwa na doa dogo jeupe. Alinilaza kwa ubavu wa kushoto, akalitazama tena. Doa halikusogea wala halikuwa na kivuli nyuma yake, naye akaeleza kuwa hicho ni kinyama cha milimita 4 kilichoshika ukutani, kwani kijiwe kwa kawaida husogea mgonjwa anapogeuka na huacha kivuli cheusi. Alipojua kwamba nimekulia kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kimewasumbua watu wengi, alichunguza pia kama kuna makovu kandokando ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, akapima upana wake pamoja na urefu wa bandama.

Ripoti ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kila kipimo kimewekwa kwa tarakimu: mshipa huo milimita 11, ilhali kikomo cha kawaida ni 13. Aidha, imeandikwa wazi kwamba mkia wa kongosho haukuonekana kwa sababu ya gesi, na ukweli wa namna hiyo naupa thamani kubwa. Mahali nilipopimiwa zamani nilipewa mstari mmoja tu usemao ini ni la kawaida, na daktari wangu hakuwa na chochote cha kulinganisha.

Kasoro zipo. Foleni ilikuwa ndefu mno kwa watu wenye njaa, hasa wagonjwa wa kisukari, ambao ni haki yao kutangulizwa asubuhi. Picha nazo huchapishwa kwenye karatasi nyembamba inayofifia baada ya muda, na kituo hakitoi nakala za kielektroniki. Atakayekwenda azipige picha kwa simu siku hiyohiyo.