Nilikwenda kualishwa mgongo nisianguke tena: wiki 10 kwa kairoprakta

Nilianguka nikitia udhu. Alfajiri, mguu wa kulia umeinuliwa mferejini, wa kushoto juu ya kigae kilichoroa, na kabla sijafika kifundoni nilikuwa chini, bega limegonga ukingo wa ndoo. Sikuvunjika. Lakini ilikuwa mara ya pili katika miezi mitano, na ile ya kwanza sikumwambia mtu. Safari hii mke wangu alisikia kishindo. Kufikia saa mbili asubuhi binti yetu aliyeko Nairobi alikuwa ameshapigiwa simu na tiketi yangu ya treni imeshakatwa. Nina miaka 71, na siku hiyo niliamuliwa kama mtoto wa chuoni.

Ndivyo nilivyofika kwa kairoprakta. Neno lenyewe nilikuwa silijui. Binti yangu alinieleza hivi: "Ni kama mkandaji, Baba, ila huyu amesomea na hatumii mafuta." Hakukosea sana. Ni watu wanaozishughulikia pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Kazi yao ilianzia Marekani mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, kwa bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer. Wenyewe hawapendi kufananishwa na wakandaji. Mimi nimekandwa Mombasa tangu utotoni kwa mafuta ya nazi na matusi, kwa hiyo najipa ruhusa ya kufananisha.

Kliniki siitaji jina, maana nitaisifu na nitailaumu.

Siku ya kwanza mgongo wangu haukuguswa kwa karibu saa nzima. Daktari, kijana mpole, aliuliza nilianguka wapi, saa ngapi, miguuni nilivaa nini, nameza dawa gani. Kisha akaniketisha kitini, akabandika alama sakafuni umbali wa mita 3. "Mzee, inuka, tembea mwendo wako wa kila siku hadi pale, geuka, rudi, keti." Akashika saa. Sekunde 16. Anayetumia 12 au zaidi, alisema, huhesabiwa kuwa yumo hatarini kuanguka. Akanitaka tena nisimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10. Ya nne nilishika meza.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumbuki kufanyiwa katika miaka yote ninayotibiwa presha. Alinipima nimelala, akanisimamisha, akapima tena baada ya dakika 1, na tena baada ya dakika 3. Ile namba ya juu ilikuwa 142 nikilala, niliposimama, 116. Alinieleza kwamba ikishuka kwa 20 au zaidi mtu akisimama, damu huchelewa kufika kichwani, na hicho ndicho kisunzi nilichokuwa nikikiita uzee. Alinipa barua niirudishe kwa daktari wangu wa presha, na dawa ikapunguzwa. Akaniuliza pia kuhusu vile vidonge vidogo vya njano vya mafua alivyoviona kwenye mfuko wangu. Mafua sikuwa nayo. Nilikuwa nikivimeza kila usiku nipate usingizi, navinunua dukani pamoja na sukari na majani ya chai. Alisema vinaweza kuacha uzito kichwani mpaka alfajiri, na kwa umri wangu ni bora niviache.

Laiti ningelipa hapo, nikashukuru, nikaenda zangu, ningekuwa nimeshapata lile kubwa nililolifuata.

Kazi yenyewe ya mgongo ilianza mara ya pili, baada ya picha ya eksirei. Kama mifupa yako imelika, au unameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, mwambie mapema, kwa sababu mzee wa namna hiyo si wa kusukumwa kwa nguvu. Kiunoni alinitumia kifaa kidogo cha springi, kinafanana na kile cha kubandika bei dukani, kinagonga tak, tak. Juu ya mgongo alitumia viganja, na mgongo ukaalika hadi mke wangu akainuka kwenye kiti. Sauti ile si ya mfupa, ni mapovu ya gesi kwenye majimaji ya kiungo. Shingo nilikataa. Imewahi kutokea, japo ni nadra, mshipa wa damu wa shingo ukachanika kwa kusokotwa ghafla. Hakubishana nami, na kwa hilo namwongezea alama.

Nilipata nafuu ya kweli. Niliweza kugeuka na kuona bodaboda inayokuja nyuma, jambo ambalo Nairobi si dogo. Lakini baada ya mara nne nilijipima mwenyewe na saa ya mkononi: sekunde 15. Na hapo ndipo mapokezi walipoleta karatasi ya mara 24, shilingi 4,000 kila mara, na punguzo nikilipa zote siku hiyo. Walinionyesha picha ya uti uliopinda na uti ulionyooka, na maelezo kwamba ule ulionyooka huupa ubongo habari za miguu. Niliuliza ni nani amethibitisha kwamba kunyoosha mgongo kunawazuia wazee kuanguka. Kijana alikuwa mkweli kuliko mapokezi: ushahidi wa hilo ni haba, ushahidi wa mazoezi ni mwingi. Basi nikasema nipe mazoezi.

Alinipa yale yaliyotungwa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kwa ajili ya wazee kuyafanya majumbani mwao. Inuka kitini bila kutumia mikono. Simama kwa ncha za vidole umeshika sinki la jikoni. Tembea ukumbini kisigino kwa kidole, kisha kwa ubavu kama kaa. Mara tatu kwa wiki, na siku nyingine utembee nje. Vizito vya kufunga vifundoni, binti yangu alishona vifuko akavijaza mchele, na wajukuu wakawa wananihesabia kwa Kiingereza.

Wiki ya 10 nilitumia sekunde 11. Kisigino kwa kidole nilisimama zote 10. Sitasema mgongo kualishwa hakukufaa kitu. Maumivu yalipopungua ndipo nilipoweza kuinuka kitini mara kumi. Lakini mtu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma angenipima na kunipa mazoezi hayo hayo kwa pesa kidogo. Naipa kliniki nyota 3 kati ya 5. Kijana peke yake angepata 5.

Nimerudi Mombasa. Mke wangu ameuondoa mkeka wa ukumbini uliokuwa umekunja pembe tangu tuoane, fundi ametia chuma cha kushikia karibu na mfereji, na miguu naiosha nimeketi juu ya kigoda. Vyote viwili, chuma na kigoda, havikufika bei ya kualishwa mara moja.

Mapokezi bado wanapiga simu kuulizia zile mara zilizobaki. Mke wangu ndiye anayezipokea. Huwaambia mzee ametoka kutembea, na mara nyingi ni kweli.