Asilimia 78 imetoka wapi? Uzoefu wangu na apu ya kutabiri pointi za mabeki

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Jina la apu silitaji, sina hela ya wakili, na mshahara wa mwalimu wa sekondari ya serikali mnaujua. Ila nitaeleza kilichonikuta, halafu kila mtu ajipimie mwenyewe kama elfu kumi yake ya kila mwezi haina kazi nyingine.

Mi nafundisha hesabu. Likumbukeni hilo, litakuja kuuma mbele huko.

Zamani kuchagua beki kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa kujiundia timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, ilikuwa kazi ya dakika tano. Unabeba mabeki wa pembeni wa Liverpool unaenda kulala. Msimu wa 2018/19 Trent Alexander-Arnold alitoa pasi za mabao 12, Robertson 11, na hao ni mabeki jamani, ukiongeza na pointi 4 za klinishiti, yani timu kumaliza mechi bila kufungwa, nani alikuwa na shida ya takwimu? Waandaaji wakaja msimu wa 2025/26 na pointi za ulinzi. Beki akifikisha vitendo 10 ndani ya mechi moja, yani kubutua, kublok, kukatiza pasi na kupora mpira vyote vikajumlishwa, anapewa pointi 2. Akiishia 9 hapati kitu. Akifika 10 anapata 2, akifika 20 ni 2 hizohizo, hakuna nyongeza. Shikeni hapo kwenye 9, kesi yote iko hapo.

Sasa hii sheria ndo ilituchanganya, maana ghafla mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa kutwa nzima, wale ambao zamani ulikuwa unawaweka benchi kwa sababu ni bei rahisi tu, wakawa mali. Mtu kama Tarkowski wa Everton ambaye kazi yake ni kuosha kila kinachoingia kwenye boksi, ghafla watu wanamuangalia kama straika. Na ndo hapo hizi apu zikapata pa kuingilia, "tunakuchambulia beki gani atafikisha kumi wiki hii", nani atakataa? Nikalipa kwa simu nikiwa kwenye daladala, bila hata kumwambia mtu nyumbani.

Wiki za mwanzo nilikuwa nasifia kwa kila mtu, sitadanganya. Unafungua, kila beki ana duara lake, kijani, njano au nyekundu, ndani kuna asilimia. Safi kabisa. Nilishawaambia walimu wenzangu ofisini kuwa mwaka huu ligi yetu naondoka nayo mapema, wajiandae kunichangia soda.

Ikaja ile wikiendi. Tarehe sikumbuki, najua tu ilikuwa ile miezi ambayo saa za Uingereza zimerudi nyuma, kwa hiyo dedilaini ya Jumamosi, mwisho wa kubadilisha timu, inakuwa saa 8 mchana kwetu. Saa 7 na nusu niko na apu mkononi. Nilikuwa na beki mmoja ambaye apu ilimpa njano, asilimia 41 ya kufikisha kumi. Pembeni kuna mwingine wa timu ya chini kabisa, kijani kinang'aa kama embe bichi, ASILIMIA 78. Wastani wake vitendo 9.7 kwa mechi. Wa kwangu wastani 8.7. Jina la huyo beki naliacha, yeye hana kosa, alikwenda kazini kwake kama kawaida.

Nilikuwa nimeshamaliza uhamisho wa bure. Nikachukua hiti, yani kukubali kukatwa pointi 4 kwa kubadilisha mchezaji wa ziada, nikamuuza wangu, nikambeba wa kijani.

Mechi inaanza saa 12 jioni nipo kibanda umiza, kwenye benchi la nyuma maana mbele wamejaa vijana wa bodaboda. Macho yangu hayako kwenye skrini kubwa kabisa, yako kwenye simu nahesabu vitendo vya mtu mmoja. Dakika ya 30 ana 4. Mapumziko ana 7, wameshafungwa moja, sawa, klinishiti imekufa lakini mi nimefuata zile mbili. Kapewa kadi ya njano, toa moja. Wakafungwa la pili, toa moja nyingine, maana kila mabao mawili beki anakatwa. Dakika ya 66 akabutua mpira ukaenda kwa mashabiki, namba ikageuka ikawa 9. TISA. Nikasimama. Kijana mmoja akaniambia mzee kaa chini unatuzibia.

Na hapo ndo niliona kitu ambacho apu haikuwahi kukisema hata siku moja. Timu pinzani ikishaongoza mbili bila inarudi nyuma kupumzika, inamuachia aliyefungwa acheze mpira. Beki wangu akawa anapigiana pasi na kipa wake, hakuna krosi, hakuna shuti, hakuna cha kubutua. Dakika kumi na kitu nzima namuangalia mtu anatembea na mpira katikati ya uwanja kama anatafuta nyumba ya kupanga. Dakika ya 80 kocha akamtoa akaingiza straika.

Alitoka na 9. Pointi zake: mbili za kucheza, toa moja ya mabao, toa moja ya kadi. Sifuri. Ukiweka na hiti ni hasi 4. Na yule niliyemuuza? Vitendo 12, klinishiti, bonasi 2 juu, jumla 10. Nilirudi nyumbani kwa miguu wakati nauli ninayo.

Kufungwa silalamikii. Mpira ndo ulivyo, ningelala ningeamka ningesahau. Kilichoniharibia ni usiku ule nilipoingia kwenye apu sehemu ya ndani kabisa, ile inayoonyesha mechi moja moja, ambayo nina uhakika watu wengi hawajawahi kuifungua. Yule wa kijani mechi zake sita za mwisho zilikuwa hivi: 8, 9, 7, 9, 8, 17. Mnaona? Alifikisha kumi MARA MOJA. Hiyo 17 ya siku moja waliyoshambuliwa mpaka wakaomba maji ndo imenyanyua wastani mzima ukawa 9.7. Wangu wa njano: 10, 11, 4, 10, 12, 5. Mara nne kati ya sita! Ila kwa sababu ana 4 na 5 humo, wastani umeshuka 8.7, apu ikampaka njano.

Kidato cha pili wangu wanajua hili. Wastani haukuambii mtu kavuka mstari mara ngapi. Kama pasi ni 30 na mwanafunzi amepata 29, 29, 29 na 90, wastani wake utaupenda ila amefeli mitihani mitatu.

Tena basi tuseme wametumia kanuni, ile Poisson ya kukadiria kutoka kwenye wastani uwezekano wa kitu kutokea mara kadhaa, ambayo apu yenyewe inajisifu inaitumia kwenye klinishiti. Nikapiga. Wastani wa 9.7 unakupa nafasi ya kufikisha kumi kama nusu kwa nusu, hamsini na kidogo. Sio 78. Kwa hesabu za mechi ni moja ya sita, kwa Poisson ni nusu, sasa hii 78 imetoka wapi?

Nikauliza. Swali hilo hilo tu. Kwenye grupu la wateja, kwa heshima zote: "Habari za usiku admin, naomba kufahamu asilimia 78 ya yule beki mmeipataje." Kimya. Watu wanaendelea kurusha stika. Asubuhi nikaandika tena. Admin akajibu, "Kaka mpira ni dakika 90, lolote linatokea." Nikamwambia hilo naelewa mkuu, siulizi matokeo, nauliza hesabu. Akarudi: "Takwimu sio za kila mtu, kama hazipandi kichwani rudi tu kwenye mikeka."

Kha! Mimi! Nimesahihisha madaftari ya hesabu miaka kumi na zaidi, nimefundisha takwimu kwa chaki zilizokatika, leo mtoto ambaye picha yake ya wasifu ni gari la kukodi ananiambia takwimu hazinipandi. Nikaweka skrinishoti ya zile namba sita. Nikaandika maelezo marefu, nakiri yalikuwa marefu, na mwishoni niliweka maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyaandika. Dakika mbili baadaye: umeondolewa. Nilijaribu kumpigia, imezuiwa. Wakati siku zangu nilizolipia bado hazijaisha!

Kwa hiyo hapo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila ngoja niwe mkweli maana Jumatatu ofisini mambo yalizidi kunigeuka. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ambaye yule beki wangu wa njano yuko kwake na kamfungia pointi kumi, ananisalimia "Mwalimu wa hesabu, wastani wako hajambo?" Nikaanza kumuelezea nilivyoibiwa, zile sita na zile sita, Poisson, yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai, akasema, "Sawa mwalimu, lakini ulilipa nne kutafuta mbili?"

Nikamwambia hujaelewa, kuna na klinishiti. Kipindi cha nne sikuwa na darasa nikakaa nikapiga kwa namba zao wenyewe za ile Jumamosi. Wa kijani: 78 ya pointi 2 ni 1.56, na klinishiti walimpa asilimia 22, yani 0.88, jumla 2.44. Wa njano: 41 ya pointi 2 ni 0.82, klinishiti walimpa 37, yani 1.48, jumla 2.30. Tofauti 0.14. Nimekata pointi nne nzima kununua sifuri nukta moja nne. Na hiyo 22 nyekundu ilikuwepo palepale pembeni ya duara la kijani, mi nilipita nayo kama sijaiona.

Karatasi ile niliikunja nikaiweka mfukoni. Hakuna aliyeiona.

Na hiyo sehemu yao ya klinishiti, nikitulia, iko vizuri. Nimeikagua kwa kalkuleta. Timu ikitarajiwa kufungwa bao 1.0 wanatoa asilimia 37, ikiwa 0.7 wanatoa 50, ikiwa 1.5 wanatoa 22, ndivyo inavyotakiwa. Ilinifundisha pia kuacha kukimbilia beki kwa sababu wiki jana hakufungwa, unaangalia nafasi walizoruhusu, maana kuna timu inapigiwa mashuti ishirini na nguzo inaokoa mawili, watu wanasema ukuta umeimarika. Na kwenye hiti haikuniambia nichukue, kidole kilikuwa changu.

Hata zile mechi sita nilizowarushia usoni, tukienda kwa haki, mechi sita ni kitu gani? Mwanafunzi akiniletea sampuli ya sita namrudisha. Huenda wa kwangu naye alibahatisha. Lakini hapana, hapana, hata kama, unapaka rangi ya kijani halafu mtu akiuliza unamtukana? Kama ungesema tu "tulikosea fomula" ningekulipia mwaka mzima. Au useme ni siri ya biashara, sawa. Umenijibu mikeka.

Basi nikaanza kujitengenezea mwenyewe kwenye Excel. Kila beki, mechi moja moja, safu moja inahesabu amevuka kumi mara ngapi, nyingine nyumbani na ugenini, nyingine nimeandika kwa mkono matokeo yalikuwaje wakati anatoka. Wiki ya kwanza nilimaliza saa 8 usiku, mke wangu akawa anauliza mtihani wa mkoa umerudishwa nyuma au vipi. Wiki ya pili nikachoka. Kuzitafuta hizo namba moja moja kwa bando la kuungaunga ni adhabu, na ile apu inazo zote zimepangwa, unazishusha kwa kubonyeza mara moja. Ukiachana na maduara yao, ukaenda moja kwa moja kule ndani kwenye mechi moja moja, ni kitu kizuri. Inaniuma kuandika hivyo. Nyota tatu. Mbili na nusu, kwa sababu ya yule admin.

Namba yangu imezuiwa kwa hiyo juzi nimelipia kwa laini ya mke wangu. Nikaingizwa kwenye grupu saa hiyohiyo, jina lake na picha yake ya kitenge vikatokea, na admin yuleyule akaandika, "Karibu sana dada yangu, jisikie uko nyumbani, ukiwa na swali lolote uliza."

Ninalo moja.