Triga za flashi za bei poa: kwenye flashi zinafaa, kwenye kamera 14 utalia

Wakuu, mlioniuliza kuhusu zile triga za redio (vidude vya kuwasha flashi bila waya) nilizochukua Kariakoo, transmita moja na risiva nne, nimekaa nazo miezi mitatu sasa naweza kuongea. Brandi siitaji.

Mi sipigi harusi. Nina fremu ya mabomba yenye kamera 14 za mtumba, zote Canon 1200D, mtu anasimama katikati anapigwa pande zote kwa mpigo mmoja, halafu picha zinaingia kwenye programu ya Metashape inatoa umbo lake la 3D. Sasa kamera moja ikichelewa na mtu akayumba hata kidogo umeumia, vidole vinagandana vinakuwa kama mihogo, sikio linayeyuka.

Kosa langu nilidhani triga ndo zitafyatua kamera zote pamoja. Nikaongeza risiva kumi, kila kamera yake, shata 1/200 ya sekunde, flashi moja juu ya kamera na zingine zinaifuata kwa lile jicho lao la kuhisi mwanga. Weee! Kamera tatu zina mwanga, mbili nusu picha nyeusi, zilizobaki giza tupu. Na hapo triga nilizionea bure, kamera hata za modeli moja hazifunguki kwa wakati uleule kabisa, kila moja na uvivu wake, na 1/200 ni milisekunde 5 tu, ukichelewa hapo flashi ishapita.

Kilichonitoa ni kuacha kuzikimbiza kamera. Nimefunga waya, jeki za 2.5 mm zote zinaishia kwenye swichi moja aliyonichomelea fundi redio, fokasi nimeweka manyuo, f/8, ISO 200, shata sekunde nzima, chumba giza mpaka kale kataa ka ekstensheni nimekaziba na selotepu. Mkono wa kushoto nabonyeza swichi, klak klak klak zinafunguka kila moja kwa muda wake, halafu wa kulia nabonyeza kitufe cha testi kwenye transmita. Flashi nne zinapiga, basi, picha ndo hiyo, maana kwenye giza kamera inaona flashi tu, iwe imetangulia kufunguka au imechelewa.

Hapa sasa ndo triga zinalipa. Nilizipima hivi: feni ya mezani, panga moja nimelibandika selotepu nyeupe, nikaiwasha nikapiga. Kamera zingekuwa zinapiga kwa nyakati tofauti, kila moja ingeionyesha selotepu sehemu yake, moja saa mbili, nyingine saa saba. Lakini kamera zote zinazoiona feni kwa mbele zinasema saa nne, na ukingo wa selotepu umenyooka hauna ukungu. Ila flashi ziweke kwenye 1/8 ya nguvu au chini zaidi, usipige fulu, kwa sababu ukipunguza nguvu mwako wenyewe unakuwa mfupi. Na TTL (ile flashi kujipimia mwanga yenyewe) zima kabisa, ule mmweko wa kwanza unamfanya mtu apepese na picha inamkuta kafumba macho.

Malalamiko yapo. Risiva zinalala zikikaa kimya, nimeshapoteza mikao miwili kwa sababu flashi ya mgongoni haikuamka na mteja keshavaa viatu, siku hizi napiga testi moja kwanza kuziamsha. Betri za AAA za bei rahisi zinakufa haraka kweli. Pia angalia kamera yako kabla hujatoa hela, kuna hizi mpya za bei nafuu hazina pini ya katikati pale juu inapokaa flashi, triga ya aina hii ukiiweka pale inakaa kama pambo.

Kwa kuwasha flashi nazipa nyota nne, kwa kufyatua kamera nyingi nyota moja. Zile risiva kumi za ziada zimo kwenye boksi hazina hata mkwaruzo, mpiga harusi anayezitaka aje PM tuongee bei.