Kazi ya bwaloni katika chuo cha umma, Ohio, Marekani: nyota tatu kati ya tano

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nimepata kazi chuoni, akauliza, "Chuo si cha serikali? Basi na wewe mtumishi wa umma." Nikamwitikia ndiyo, mama. Sikujua.

Nilikuwa naosha vyombo, saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku nne kwa wiki. Sisi wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, haturuhusiwi kuvuka saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na ratiba yao haikunitia matatani hata siku moja. Mshahara haukuchelewa. Chakula ni bure kila zamu. Wapishi ni watu wema, hasa mama mmoja aliyenionyesha namna ya kuzitoa trei kwenye mashine bila kuungua na mvuke. Nyota tatu ni za hayo.

Mbili nimezizuia kwa ajili ya Februari. Jumapili usiku nilipata ujumbe kwamba zamu zangu mbili zimefutwa, bila sababu. Yule mama angefutiwa zake, angekwenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, maana mkataba wao wa hali bora una utaratibu wa malalamiko. Nikaenda ofisi ya ajira kuuliza kama nami naweza kuingia chamani. Nikajibiwa: wewe ni mwanafunzi, kisheria si mwajiriwa wa umma.

Nikaitafuta hiyo sheria. Ni sura ya 4117 ya sheria za Ohio, ya mwaka 1983, na kweli inatutoa wanafunzi, hata wasaidizi wa kufundisha, kwa hiyo chuo hakilazimiki kujadiliana nasi. Lakini siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa mezani fomu ya OPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa Ohio. Mwanafunzi asipoomba kuondolewa kwenye mfuko huo mwanzoni mwa ajira, hukatwa asilimia 10 ya mshahara kama watumishi wenzake. Mtu yule yule, jimbo lile lile! Hili limeniuma kuliko zamu zenyewe.

Sheria ya taifa ya vyama vya wafanyakazi, ya 1935, haiwagusi waajiri wa serikali, hivyo kila jimbo hujiamulia. Jirani zetu Michigan, wasaidizi wa kufundisha wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, wana mkataba tangu 1975. California, mwaka 2024 wanafunzi wafanyakazi wa CSU, mtandao wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, wengi wa shahada ya kwanza kama mimi, walipiga kura wakaingia chamani.

Unayeanza Agosti, kazi ichukue. Fomu ya OPERS isome siku hiyo hiyo, na ratiba uombe kwa maandishi.

Zamu zangu zilirudi wiki ya tatu, kodi ya chumba nikiwa nimeshaikopa. Aliyekwenda kunisemea kwa msimamizi ni yule mama mpishi, baada ya zamu yake, aproni ikiwa bado kiunoni.