Wahamasishaji wa afya wanaopita mitaani hapa Amu (mji wa Lamu): kuangalia wanajua, majibu kurudi ndo kuna shida

Watu wengi naona wanaiponda hii huduma ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, na sababu yao ni moja tu, ati hawana dawa. Mimi hiyo siikubali. Dawa nenda dispensari, nenda hospitali. Hawa wametumwa kazi nyingine na kwa hiyo kazi ndo nataka niwapime, manake kwetu mtaa wa Langoni washafika na nimekaa nao nkaona wanavyofanya.

Kwa asiyewajua, ni wale wenye mikoba waliozinduliwa Kenya nzima Septemba 2023, kama laki moja hivi, kila mmoja anashika nyumba kama 100. Ndani ya mkoba kuna mashine ya presha, ya kupima sukari, mizani, na ule utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto kuona kama ana utapiamlo, alafu wana simu ya kutuma ripoti. Ni bure kabisa. Wao wenyewe wanapewa shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, kwa hiyo ukimuona mtu anapandisha ngazi za nyumba za ghorofa na jua la saa saba mpe heshima yake jamani.

Wetu ni binti wa hapa hapa mtaani, na hilo lina uzito wake kwa sababu nyumba za Amu hazifunguliwi kila mtu. Alibisha hodi, bibi akamwambia "karibu mwanangu, pita ndani", akamsalimia vizuri akampima presha, ilikuwa juu, akamuandikia karatasi ya kwenda nayo kituoni. Mpaka hapo ni kawaida. Kilichonikosha ni alipouliza maji tunaweka wapi. Kuna pipa la bluu uani la akiba, akafunua, akawasha tochi ya simu akamulika, viluwiluwi wa mbu kibao wakaanza kujinyonganyonga kushuka chini kuukimbia mwanga! Tunachota humo kila siku na hakuna aliyewahi kuwaona. Alafu hakuishia kumwaga, aliomba brashi akasugua zile kuta za ndani, akatueleza kuwa huyu mbu anayeuma mchana mayai yake anayabandika ukutani juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi na miezi, siku ukijaza maji yanaanguliwa, kwa hiyo ukimwaga bila kusugua hujafanya kitu.

Kwa Amu hili si jambo dogo. 2004 chikungunya, homa inayoletwa na mbu huyo huyo, ilitupiga hapa hapa kisiwani, waliokuwepo wanajua, watu viungo vimekaza mtu hawezi hata kuinuka kitandani. Watafiti walipokuja kupima damu mwezi wa kumi mwaka huo wakakuta kama asilimia 75 ya watu kisiwani washaambukizwa, yani robo tatu, na kumbuka haikuwa masika, kulikuwa na ukame, maji haba, watu wanaweka kwa vyombo majumbani na mbu akapata pa kuzalia. Mwisho wa mwaka iko Mombasa, 2005 iko Komoro, ikavuka mpaka kisiwa cha Réunion na huko ikawapata karibu thuluthi ya watu. Neti ya usiku kwa mbu wa mchana inasaidia kidogo sana. Wazee wetu kwenye birika, yani matangi ya maji ya nyumba za zamani, walikuwa wanatia visamaki vinakula viluwiluwi, na chini ya birika bakuli la kauri ili maji yakipungua visamaki vipate pa kukaa. Sikuizi ni mapipa ya plastiki na samaki hamna, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuja kufunua.

Sasa kuna ripoti maarufu ya Marekani ya 1988, waliosomea afya ya umma wanaijua, ilisema kazi za afya ya umma ni tatu: kuangalia hali ya watu wote ikoje, kupanga sera kutokana na ulichokiona, na kuhakikisha kilichopangwa kinamfikia mtu kweli. Daktari anamshughulikia mgonjwa aliye mbele yake, hawa mgonjwa wao ni mtaa mzima, pamoja na ambao hawajaumwa bado.

Kuangalia nawapa alama zote. Hata kwa mtoto wa jirani, binti aligundua kwenye kitabu cha kliniki kuwa chanjo ya surua ya miezi 18 mtoto hakupata, alichoma ile ya miezi tisa tu, na mamake alidhani kamaliza. Sera nazo zipo, Sheria ya Afya ya Umma Sura 242 ina sehemu nzima ya mbu na maji yaliyotuama, bwana afya ana nguvu ya kisheria tangu enzi.

Ile ya tatu ndo inaniuma. Nyuma ya nyumba kuna mtaro umeziba, taka na mavi ya punda, maji meusi yamesimama. Binti akapiga picha, akatuma. Kimya. Akapita tena mtaro uko vile vile, akatuma tena, kimya. Bibi naye alipeleka karatasi yake kituo kimoja, dawa ya presha hakuna, akaambiwa arudi, na hakuna aliyemfuatilia isipokuwa yule yule binti. Kwa hiyo ripoti inapanda, jibu halishuki, na anayeona aibu mbele ya watu ni yeye ambaye hana bajeti wala funguo za ofisi.

Na kufuatilia ndo kulikomaliza ndui duniani! Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, huku juu kwenye pwani yetu hii hii, Oktoba 1977, kijana mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin. Alipona, lakini wahusika wakamtafuta kila aliyekutana naye, wakapita nyumba kwa nyumba wakichanja, hawakuondoka mpaka wakahakikisha hakuna mwingine. 1980 dunia ikatangazwa haina ndui.

Wanaopokea ripoti huko ofisini, mjibuni huyu binti, hata kama jibu ni kwamba pesa za mtaro hazipo mwezi huu atuambie tujichange tuzibue wenyewe. Nyota tano kwa wanaopita mtaani, mbili kwa wanaowatuma. Nanyi wa Shela na Matondoni, kwenu mtaro ukiripotiwa unazibuliwa?