Tende za mama pipani: siku yetu kwenye mechi ya kirafiki ya softiboli ya chuo

Naandika bado nina hasira. Anayetaka kujua saa za mechi na mahali pa kuegesha gari akaangalie kwenye tovuti ya chuo, yote yapo. Mimi nina habari ya meza moja ya plastiki iliyokuwa getini, na mkono wa mtu mmoja juu ya meza hiyo.

Nyota moja. Nikifika chini huenda nikabadilisha, lakini kwa sasa ni moja.

Tupo Oklahoma mwaka wa tisa huu, na ukiishi huku softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa rungu, ndugu wa besiboli, huikwepi. Fainali za vyuo vya Marekani huchezwa Oklahoma City kila mwaka, mwisho wa Mei kuingia Juni, na wasichana wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2021 mpaka 2024, ndipo Texas wakauchukua 2025. Hata Olimpiki ya 2028, ambayo ni ya Los Angeles, softiboli yake imepangiwa kuchezwa huku kwetu. Binti yangu ana miaka 11, amejiunga na timu ya mtaa, analala na glovu kitandani. Basi mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, mtoto akawa na neno moja tu: bibi lazima apelekwe uwanjani.

Mechi zenyewe za kuwania ubingwa huanza Februari. Kabla ya hapo, Septemba na Oktoba, vyuo hucheza mechi za kirafiki ambazo haziingii kwenye msimamo wowote. Kocha anajaribu wachezaji wapya, aliyetolewa anaweza kurudishwa, na makocha wawili wakikubaliana mchezo unaendelea hata iningi saba (iningi moja ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga) zikishakwisha. Siku ile kiingilio kilikuwa bure. Chuo tulichokwenda si hicho nilichokitaja juu, na jina lake nalihifadhi. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, upepo wa Oklahoma unapeperusha vumbi jekundu.

Mechi ya kirafiki. Kila nikilikumbuka neno hilo, moyo unaniuma.

Mama ana kisukari, yapata miaka kumi na mitano. Akitoka nyumbani anabeba kikapu chake cha ukindu, na ndani yake vitu havibadiliki: kalamu ya insulini kwenye kijifuko cha baridi, kipimo cha sukari, tasbihi, miwani, kopo la tende za kumwokoa sukari ikishuka, chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari, na khanga moja ya kujitanda. Siku hiyo alibeba kisutu. Wanaokijua kisutu hawahitaji kuelezwa. Hiki ndicho alichojifunga siku ya harusi yangu.

Getini kulikuwa na mlinzi mwenye kizibao cha njano. Akakitazama kikapu, akasema hiki hakiingii. Mifuko inayoruhusiwa ni ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Nikamwambia ni dawa, mama ana kisukari. Akasema kirudishe garini. Gari tulikuwa tumeliacha robo saa ya miguu, na mama magoti yake yote mawili mabovu. Nikamwambia tena, taratibu, kwamba ni dawa.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anataka kuona kilichomo, mama."

"Na aone. Hatukuiba."

Angeangalia tu, nisingekuwa naandika. Ukaguzi ni ukaguzi, dunia ilivyo sasa kila mahali tunakaguliwa, na silalamikii hilo. Lakini alikimimina. Alikishika kikapu kwa chini akakipindua juu ya meza, miwani ikateleza, tasbihi ikakusanyika pembeni kama uzi uliokatika. Chupa akaifungua akamwaga chai kwenye majani. Kopo la tende akalitupa kwenye pipa bila kuuliza, chakula cha nje hakiruhusiwi. Kisha akakinyanyua kile kisutu kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na kifua, akakikung'uta kama mtu anayetafuta mdudu, akakiachia. Kikaangukia ukingoni mwa meza, pindo moja likagusa chini kwenye lami.

Mama hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, si yeye.

"Mwambie akikunje."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiingereza cha adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo ninayojilaumu nayo mpaka leo. Akanijibu, "Mama, foleni inasubiri," macho yake yapo kwa watu walio nyuma yetu.

Basi mama akakikunja mwenyewe. Akakiokota, akapangusa pindo kwa kiganja, akakitandaza pale pale juu ya meza ya mlinzi. Pindo kwa pindo. Akakunja mara ya kwanza, akalainisha mkunjo kwa ubavu wa mkono. Akakunja ya pili. Ya tatu. Watu kama ishirini nyuma yetu, hakuna aliyekohoa. Mlinzi ilibidi asimame na mikono yake. Mama alipomaliza akakiweka begani, akasema "Haya, twende," na kikapu chake kikabaki chini ya meza ya watu, kimelala ubavu. Dawa na kipimo tuliruhusiwa kuingia navyo ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki waliotupa wao.

Sasa nieleze ya ndani, kwa sababu haki ni haki.

Ndani ni pazuri kuliko nilivyodhani. Uwanja wa softiboli ni mdogo, na udogo huo ndio utamu wake. Mrushaji anasimama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji, na ukikaa safu ya tatu au ya nne upande wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, kama tulivyokaa, unasikia mpira unavyokata hewa. Kwenye televisheni husikii hivyo. Anarusha kwa chini, mkono unazunguka duara zima kama gurudumu, kiganja kinapita karibu na paja, na mpira unatoka pale kiunoni kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Binti yangu ameshanieleza mara mia kwamba kuna mipira inayopanda na mingine inayodondoka. Sikuwahi kumwelewa. Pale nilielewa. Niliuona mpira mmoja ukija usawa wa kifua, mpigaji akaufuata kwa nguvu zake zote, mpira ukashuka chini ya rungu kama umekanyaga ngazi. Glovu ya mdakaji ikalia pah! Mama akashtuka, akacheka.

"Kumbe hii ni rede ya wakubwa," akasema.

Alicheza rede sana, mama huyu, kule Ngamiani, Tanga, na mpira wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa. Mjukuu wake akamwambia kwamba softiboli nayo ilianza hivyo hivyo: Chicago, 1887, vijana walikuwa ndani ya klabu, wakafunga kamba glovu ya ndondi ikawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa rungu. Mama alifurahi mno kulisikia hilo. Akaanza kumweleza mtoto jinsi ya kukwepa, anainamisha mabega pale pale kwenye benchi, na kisutu chake kimemkaa begani.

Na nyimbo! Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hawa wasichana wanaimba. Benchi zima la wachezaji linaegemea kizuizi, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, wanagonga kwa viganja, wanataja jina la anayekwenda kupiga, huku wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Mama kutema hakukupenda, alisema hivyo. Lakini kuitikia kule alikujua. "Hawa wana mwanzishaji na waitikiaji, kama lelemama." Siku ya ubingwa, uwanja ukifurika, nadhani husikii neno. Siku ile watu tulikuwa wachache, na kila ubeti ulitufikia. Iningi ya pili mama alikuwa anapiga makofi nao, kwa mapigo yake mwenyewe, na msichana mmoja kwenye benchi akageuka akamwona, akamnyooshea kidole, wakapiga pamoja.

Ningeishia hapo ningetoa nyota tano. Nasema kweli, tano.

Iningi ya tatu mama akanyamaza.

Mama hanyamazi penye ngoma. Nikamtazama, nikaona jasho dogo dogo juu ya mdomo, na vidole vinavyoshika pindo la kisutu vinatetemeka. Alikuwa amechoma sindano asubuhi, amekula kidogo kwa haraka ya kuwahi, kisha akasimama juani getini huku anakunja khanga yake. Nikampima. 3.1. Kwa asiyejua, ikiwa chini ya 4 hamna muda wa mazungumzo, anatakiwa kupata sukari papo hapo. Na sukari yake ilikuwa ndani ya pipa nje ya geti.

Nisichoweza kusamehe ni hicho. Tende sita. Anajua kuzihesabu, anaziweka mwenyewe kwenye kopo usiku kabla ya kulala.

Nilisimama nikimbilie kibanda cha vinywaji, nikaona foleni yake imefika kwenye ngazi. Sijui sura yangu ilikuwaje. Bwana mmoja aliyekaa nyuma yetu na mtoto wake mdogo alikuwa ameona kile kipimo. Nadhani kwao yupo mgonjwa, kwa sababu hakuuliza swali hata moja. Akachukua kipakiti cha juisi mkononi mwa mwanawe, akachoma mrija, akampa mama kwa mikono miwili. Mtoto hakulia. Mama akanywa. Tukakaa dakika kumi na tano nimemshika kifundo cha mkono, nikampima tena, 5.2. Iningi mbili zilichezwa wakati huo na siwezi kukusimulia kilichotokea. Nakumbuka kelele tu na binti yangu ameushikilia mkono wa pili wa bibi yake, ameupa uwanja mgongo.

Kwa hiyo usije ukaniambia ilikuwa bure. Watu wananiambia, "Mechi ya bure unalalamikia nini?" Nalalamikia mama yangu. Mtu anayemwita mgeni nyumbani kwake hamwagi chai yake kwenye majani.

Nilitaka tuondoke. Mama akakataa. Alisema hajaona mwisho, na yule mrushaji wake (alikuwa ameshamchagua wake, msichana mwembamba mwenye mkia wa nywele mpaka kiunoni) alikuwa ametolewa na bado hajarudishwa. Akarudishwa kweli. Huo ndio uzuri wa mechi hizi, kwenye ubingwa kocha asingebadilisha ovyo namna ile. Alirusha iningi ya sita, akawatoa wapigaji watatu mfululizo, na mama akapiga kigelegele kirefu cha Tanga ambacho kilifanya mwamuzi ageuze shingo. Nani alishinda? Wenyeji, kwa magoli mawili. Najua hayaitwi magoli, ni mikimbio, binti yangu ameshanisahihisha.

Baada ya mchezo wasichana walikuja wenyewe kwenye uzio. Hapakuwa na kamba wala walinzi, walikuwa na kalamu mifukoni. Yule mwembamba akasaini mpira wa binti yangu, kisha akamuuliza anacheza nafasi gani. Mtoto akasema, kwa sauti ya kunong'ona, "Mrushaji." Basi msichana akachukua mkono wa mwanangu, akavifungua vidole kimoja kimoja, akaviweka juu ya mshono wa mpira, viwili hapa, kidole gumba pale, akamwambia usiukabe, ushike kama yai. Watu walikuwa wanamngoja. Hakuwa na haraka. Mama akauliza kwa kupitia kwangu jina lake, akalirudia mara tatu mpaka likamkaa.

Nilitoka pale sijui niandike nini. Wachezaji wale sina neno nao, Mungu awatunze, na kama una binti, mpeleke akaone wasichana wanavyopiga kelele bila kumuomba mtu radhi. Nilisema nyota nne. Ndani ya gari nilimwambia mume wangu nne. Halafu nikakumbuka kikapu: tulipokirudia getini kilikuwa kimekanyagwa, ukingo umevunjika ukindu mitatu, na mlinzi alishaondoka. Ikawa moja tena.

Siku chache baadaye niliandikia ofisi ya michezo ya chuo. Niliandika kirefu, nikaeleza sindano, tende, 3.1, yote. Nikajibiwa mistari mitatu: pole kwa usumbufu, usalama wa mashabiki ndio kipaumbele, na sera ya mifuko ikaambatishwa. Nikaisoma. Ukurasa wa pili, maandishi madogo, imeandikwa waziwazi kwamba vitu vinavyohitajika kwa sababu za matibabu vinaruhusiwa baada ya kukaguliwa, hata kama mfuko hauonyeshi ndani. Yaani mama alikuwa na haki tangu mwanzo, na tende zake, na kikapu chake. Mlinzi hakufundishwa, au alifundishwa akapuuza. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Nyota nabakiza moja, mpaka mtu atoke pale ofisini amwombe mama radhi kwa mdomo wake. Wasichana wa timu wasinielewe vibaya, kama kungekuwa na mahali pa kuwapa wao peke yao ningewajazia zote tano.

Mama anarudi Tanga mwezi ujao, na kabla hajaondoka kuna mechi moja zaidi, anayoitaka. Kikapu amekishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Ukurasa ule wa pili nimeuchapa, nimeupigia mstari kwa wino, na tayari umo ndani, chini ya kopo jipya la tende.